Jina Lile Lile, Sauti Nyingine

Ilimba, ala ya Wagogo ya kubofya kwa vidole, ina mlio wa pembeni. Ukibofya ulimi wake wa chuma unapata noti yenyewe, halafu nyuma yake unafuata mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Mvumo huo si kasoro. Fundi wa ilimba hutoboa tundu, wakati mwingine mawili, kwenye kisanduku chake na kuziba kwa utando wa buibui, makusudi kabisa, ili kila noti itoke na ukwaru wake. Kwa masikio yaliyokulia Ugogoni, ilimba isiyovuma hivyo bado haijaisha kutengenezwa.

Naanza na mvumo huo kwa sababu ndio uliozua ubishi nyumbani kwa mjomba, Chamwino, Jumapili moja baada ya chakula. Mjomba alikuwa ametoa hedifoni yake ya waya, kubwa, ya Ulaya, ya miaka ya 1980, aliyoachiwa na fundi mitambo wa studio aliyofanyia kazi ujanani. Binti yake, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alikuwa na yake mpya, isiyo na waya, ya kukunja. Wakawa wanabadilishana huku wakisikiliza rekodi moja ya ilimba na zeze kwenye simu.

"Hii yako inameza mvumo," mjomba akasema. "Muziki wote umelowa maji."

"Na yako haina besi, baba. Halafu inasikika mbali, kama redio ya jirani."

"Zamani watu walikuwa wanatengeneza vitu, mwanangu."

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa narekodi kwaya na karibu siku nzima nina hedifoni kichwani. Nikajibu bila kufikiri kwamba mjomba yuko sahihi. Nimekaa na jibu hilo miezi kadhaa na sasa naona lilikuwa jepesi mno. Ukiuliza kama hedifoni za zamani zilikuwa na sauti nzuri kuliko za leo, umeuliza maswali manne au matano yaliyofungwa kwa kamba moja. Kampuni imebadilika, hedifoni yenyewe imechakaa, simu si ile mashine iliyotengenezewa, rekodi si zile, na masikio ya msikilizaji nayo hayakubaki yalipokuwa. Inabidi kuifungua kamba hiyo taratibu.

Kwanza, sauti nzuri ni nini? Ndani ya hedifoni kuna spika ndogo: kiwambo chembamba, koili ya waya iliyogundishwa nyuma yake, na sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma, kiwambo kinatikisa hewa, nawe unasikia wimbo. Kanuni hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya DT 48, iliyotolewa mwaka 1937 na kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin, tunayoijua leo kwa jina la Beyerdynamic. Ukifungua hedifoni nyingi za sasa unakuta ukoo ule ule. Hakuna siri ya wahenga iliyopotea njiani.

Kinachoitofautisha hedifoni moja na nyingine, kwa sehemu kubwa, ni mgawanyo: besi kiasi gani, sauti za kati kiasi gani, sauti kali za juu kiasi gani. Sikio la kijana husikia kuanzia mitikisiko 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi kama 20,000, na mafundi huupima mgawanyo huo kwa sikio la bandia lenye mikrofoni ndani, kisha wakauchora kwenye grafu. Ungetegemea hedifoni bora iwe na mstari ulionyooka kama reli. Wala. Sikio lenyewe ni ala. Kombe lake na tundu lake hukuza sauti za karibu na hezi 3,000, kwa hiyo mtu akiimba mbele yako, sauti yake inafika kwenye ngoma ya sikio ikiwa tayari imepandishwa eneo hilo. Hedifoni imebanwa sikioni, hivyo sehemu ya safari hiyo inaikatisha, na inalazimika kuongeza mwinuko huo yenyewe. Ikiongeza kidogo mno, waimbaji wanasikika kama wamezibwa midomo kwa shuka. Ikizidisha, herufi "s" inachoma.

Iongezwe kiasi gani? Kwa miongo mingi kila kampuni ilikuwa na jibu lake, na kila moja ikaliita jibu lake sauti ya kweli. Ndiyo maana wazee wa kazi hii wanazungumzia "sauti ya Wajerumani" au "sauti ya Wajapani" kama watu wanavyozungumzia pishi la pwani na pishi la bara.

Historia ya majina haya inasomeka vizuri zaidi ukijiuliza kila kampuni ilikuwa inamtengenezea nani. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alitoa SP/3, hedifoni ya stirio kwa ajili ya mtu anayetaka kukaa nyumbani kwake na kusikiliza muziki. Kabla ya hapo hedifoni ilikuwa zaidi kitendea kazi cha waendesha simu, marubani na wanamaji, watu ambao shida yao ni kuelewa maneno tu. Mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ikaleta HD 414, iliyo wazi kwa nyuma, nyepesi, yenye sponji badala ya vikombe vizito vya kuziba sikio. Uwazi huo ukaupa muziki nafasi ya kupumua, na ukachukua besi ya chini kabisa kama malipo. Kisha tarehe 1 Julai 1979 Sony ikaanza kuuza Walkman, pamoja na hedifoni ya kama gramu 50. Muziki ukatoka sebuleni ukaingia barabarani. Hedifoni ile haikuhitaji kuishinda ya sebuleni, ilihitaji kukaa kichwani mwa mtu anayetembea.

Sony hiyo hiyo ndiyo iliyotoa MDR-V6 mwaka 1985 na ndugu yake MDR-7506 mwaka 1991, hedifoni za studio zenye sauti kavu, kali kidogo, zinazomwonyesha fundi kila kosa. Nimewahi kuitumia 7506 kurekodi kwaya na niliweza kusikia karatasi ya noti ikigeuzwa safu ya nyuma. Na Sony hiyo hiyo leo inauza mfululizo wa WH-1000X kwa abiria wa ndege na mabasi, wenye besi nene na sauti ya kubembeleza. Anayekuuliza "Sony inasikikaje?" ni sawa na anayeuliza wali unaonjaje bila kusema umepikwa na nani wala kwa nazi au bila nazi.

Beats ndio mfano unaotajwa sana vijiweni. Hedifoni yao ya kwanza, iitwayo Studio, ilitoka mwaka 2008 ikiwa na besi iliyofunika kila kitu, na ikapendwa, kwa sababu vijana wengi hawakuwahi kusikia besi ya namna hiyo nje ya spika kubwa za sherehe. Apple ikainunua kampuni mwaka 2014 kwa dola bilioni 3. Matoleo yaliyofuata yakaanza kurudisha besi mahali pake, na leo zipo zenye mgawanyo wa wastani kabisa. Lakini hukumu ya 2008 bado inatembea mitaani, na nimeisikia ikitolewa na watu ambao wakati ule walikuwa darasa la tatu.

Wamiliki nao hubadilika huku jina likibaki. AKG ilianzishwa Vienna, Austria, mwaka 1947, ikajulikana kwa mikrofoni na hedifoni za studio. Miaka ya 1990 ikawa mali ya Harman ya Marekani, ambayo pia ndiyo inayomiliki JBL. Mwaka 2017 Samsung ikainunua Harman yote kwa dola bilioni 8. Mwaka huo huo ofisi ya Vienna ikafungwa, baadhi ya wahandisi wake wakaanzisha kampuni nyingine iitwayo Austrian Audio, na jina la AKG likaonekana kwenye iyafoni, zile ndogo za kuchomeka masikioni, zilizokuja ndani ya boksi la simu ya Galaxy S8. Sasa mtu aliyekuwa na AKG ya Vienna na mtu mwenye iyafoni ya boksi la simu wakikaa kubishana kuhusu "sauti ya AKG", wanazungumzia watu tofauti, kiwanda tofauti na zama tofauti. Sennheiser nayo iliuza kitengo chake cha hedifoni za watumiaji wa kawaida kwa Sonova ya Uswisi, watengenezaji wa vifaa vya usikivu, katika mpango uliotangazwa mwaka 2021.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha zama na zama, usilinganishe majina. Tafuta modeli ambazo hazikuwahi kuondoka dukani. Zipo. Koss Porta Pro ya mwaka 1984 bado inauzwa ikiwa na umbo lile lile la chuma chembamba na sponji ndogo. MDR-7506 ilidumu hivyo kwa miongo. Sennheiser HD 600 ilitoka mwaka 1997 na bado iko sokoni. Mabadiliko madogo ya ndani hutokea, lakini hizi ndizo rula zinazofika miaka ile na miaka hii kwa wakati mmoja. Na rula hizo zinasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikulitegemea. HD 600, ya kabla ya wengi wa wanafunzi wa leo wa UDOM kuzaliwa, bado inakaa meza moja na hedifoni za bei mara tano yake bila kuona aibu. Zile bora kabisa hazijaboreka sana. Zilizopanda ni za bei ya chini. Iyafoni ya waya ya bei ya mlo wa familia leo inaweza kuwa na mgawanyo ambao miaka ya 1990 ungeutafuta kwenye kifaa cha studio.

Kilichozipandisha ni kwamba siri iliwekwa hadharani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, Sean Olive na Todd Welti wa Harman waliwakalisha wasikilizaji wa kawaida na waliofunzwa, wa nchi na umri mbalimbali, wakawasikilizisha hedifoni bila kujua ni zipi. Kuficha jina hakukutosha, maana mkono na kichwa vinatambua uzito na mbano. Kwa hiyo katika baadhi ya majaribio walitumia hedifoni moja tu na kuifanya iige sauti za nyingine kwa kompyuta, ili masikio pekee ndiyo yaamue. Watu wengi wakapenda kitu kinachofanana: besi iliyonyanyuliwa kiasi, sauti za kati tulivu, na ule mwinuko wa hezi 3,000 kama ambavyo spika nzuri ingesikika kwenye chumba kizuri. Wapo waliotaka besi zaidi, wapo waliotaka pungufu, ila walio wengi walikutana katikati. Matokeo yakachapishwa, na kiwanda chochote, hata kidogo cha Shenzhen, China, kikawa na mstari wa kulenga.

Mwaka 2017 mtafiti mwingine, Jeroen Breebaart, akachapisha vipimo vya hedifoni na iyafoni 283 akitafuta kama bei na mgawanyo wa sauti vinaandamana. Haviandamani. Nililisoma hilo mara mbili. Unalipia plastiki bora, bawaba zisizovunjika, kuzima kelele, dhamana, na jina. Mgawanyo wa sauti unaweza kuupata au kuukosa kwa bei yoyote.

Turudi kwa hedifoni ya mjomba, kwa sababu haya yote yanahusu hedifoni iliyotoka kiwandani jana. Yake ilikuwa na miaka zaidi ya 35.

Niliichukua nikaenda nayo nyumbani. Sponji zake zilikuwa zimekakamaa kama ganda la ubuyu, ngozi ya juu inamenyeka vipande vyeusi vinavyobaki masikioni. Nilipozivua nikakuta vumbi letu lile jekundu limekaa kwenye wavu unaofunika kiwambo, limeshikana na mafuta ya nywele ya miaka. Nikalitoa kwa brashi laini ya rangi, taratibu, kikombe kimeangalia chini ili lisidondokee ndani. Sponji mpya niliziagiza Dar es Salaam kwa shilingi 15,000, za saizi inayokaribiana, nikazivalisha ukingo kwa ukingo kama unavyovalisha tairi la baiskeli. Kisha nikaweka rekodi ya muheme, ngoma zile wanazopiga akina mama wakiwa wamezibana kwa mapaja.

Besi ilikuwepo. Miaka yote hiyo ilikuwepo.

Besi ya hedifoni ya kuziba inategemea hewa iliyofungwa kati ya kiwambo na sikio. Pakiwa na mwanya, kiwambo kinasukuma hewa, hewa inapita pembeni, na noti za chini zinakufa kabla hazijafika. Mwanya mdogo tu unaweza kuondoa desibeli 10 au zaidi; desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti. Mwanya huo unaletwa na sponji iliyokauka, lakini pia na mikono ya miwani, rasta, kilemba, au mtandio uliopita chini ya kikombe. Kwa hiyo watu wawili wenye hedifoni ileile, ya boksi lile lile, wanaweza kusikia vitu viwili, mmoja akasema ina besi mwingine akasema haina, na wote wanasema kweli. Mtu anayelinganisha hedifoni yake ya miaka sita na mpya ya dukani, mara nyingi anachopima ni umri wa sponji.

Malalamiko mengine ya binamu, kwamba sauti inatoka mbali, nayo yalikuwa na mzizi wake. Vifaa vya zamani vilitengenezewa mashine zenye nguvu ya kutosha. HD 414 ya mwaka 1968 ilikuwa na ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa ohmu 2,000. HD 600 ina ohmu 300. Iyafoni nyingi za simu zina kati ya 16 na 32. Ukiichomeka hedifoni ya ukinzani mkubwa kwenye simu, simu inasukuma kadiri ya uwezo wake na kinachofika ni mnong'ono. Ni kama kumpa punda mmoja mkokoteni wa punda watatu kisha ukaulaumu mkokoteni. Niliazima amplifaya ndogo ya mezani kwa rafiki, na mnong'ono ukaisha.

Sasa nifike kwenye mtego ninaouona mbaya kuliko yote, kwa sababu haumwachi hata mtaalamu: ukubwa wa sauti. Hedifoni moja ikilia juu kidogo kuliko nyingine, hata kwa desibeli 1, msikilizaji hasemi "hii iko juu". Anasema "hii ni safi, hii ina uhai". Kuna sababu ya kimwili. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani, walionyesha kwamba sikio ni zito kusikia besi sauti ikiwa ndogo. Ukipandisha sauti kidogo, besi inapanda zaidi ya vingine katika kusikia kwako, na muziki unanenepa. Kwa hiyo hedifoni ya ohmu chache inayolia kwa kishindo kwenye simu inashinda kila ulinganisho wa kaunta ya duka, na ushindi huo hauhusiani na ubora.

Kuuepuka kunahitaji subira kuliko vifaa. Mimi hucheza kipande kimoja cha mtu anayeongea, sekunde kumi au kumi na tano, nabadilisha hedifoni na kurekebisha sauti hadi maneno yasikike kwa nguvu ileile, kisha ndipo naenda kwenye muziki. Kipande kiwe kifupi, kwa maana kumbukumbu ya sauti inafifia upesi sana. Ndiyo sababu siamini ulinganisho wa "nilikuwa nayo ile ya 1995, ilikuwa moto". Nakumbuka vizuri nilivyojisikia nikisikiliza kanda mwaka fulani, chumba gani, na nani. Sauti yenyewe siikumbuki, na hakuna anayeikumbuka. Masikio nayo yanapoteza sauti za juu kadiri umri unavyokwenda, kwa kila mtu, polepole, bila kutoa taarifa.

Rekodi nazo zinadanganya kwa namna yake. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa Redio Tanzania zilipigwa mbele ya mikrofoni chache, na besi yake ni ya gitaa, ya mviringo, haishuki sana. Bongo Fleva ya leo inajengwa kwenye kompyuta, na besi yake inateremka hadi mahali ambapo hedifoni nyingi za zamani zilizo wazi hazifiki. Mzee akipima kwa dansi na kijana akapima kwa Bongo Fleva, hawatakutana hata wakikesha. Ndiyo maana mimi napendelea kupima kwa muziki wa Wagogo. Kuna sauti za wanawake zinazopanda na kupishana juu ya ngoma, kuna zeze lenye ukwaruzo wa upinde, kuna ilimba na mvumo wake, vyote ni vitu halisi ambavyo naweza kwenda kuvisikiliza kwa masikio matupu Chamwino wakati wa tamasha na kurudi nikijua vinavyolia. Huwezi kujua hedifoni imeongeza nini kwenye sauti iliyotengenezwa kwa kompyuta, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisikia nje ya spika.

Na mvumo wa ilimba ni mtihani mkali. Hedifoni mbovu nayo huvuma: kiwambo kikisukumwa kupita uwezo wake, au kikiguswa na unywele mmoja ulioingia ndani, kinatoa zzz yake. Katika ala nyingine ungeitambua mara moja. Katika ilimba, inajificha nyuma ya mvumo halali, na ni lazima usikilize kama zzz inazaliwa na noti au inakuja popote sauti inapokuwa kubwa.

Kuhusu zisizo na waya, nina maneno machache ingawa ndizo zinazouzwa zaidi. Watu wanailaumu Bluetooth kwa kuubana muziki. Ni kweli inaubana: kodeki (njia ya kuubana muziki) ya kawaida ya SBC hubeba kama kilobiti 328 kwa sekunde, na LDAC ya Sony hufika 990 ikiwa simu na hedifoni zote zinaikubali na hakuna mwingiliano. Kwa masikio yangu tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya sponji. Jambo kubwa ni kwamba hedifoni isiyo na waya ni kompyuta. Ndani yake kuna kichakata kinachopanga besi na sauti kali kila sekunde, na mpangilio huo unaweza kubadilika ukisasisha programu yake. Kifaa ulichokisifia Januari si lazima kiwe hicho hicho Desemba, ingawa kiko mezani pale pale. Izime nyingine kati ya hizo kisha uitumie kwa waya, na utasikia kiwambo kikiwa peke yake bila msaada: mara nyingi ni sauti nyingine kabisa.

Hilo ni faida na ni hasara. Faida, unaweza kuirekebisha. Programu za simu nyingi zina ekwalaiza, na ukishusha besi kidogo, hedifoni iliyokuwa imelowa inakauka. Hasara, betri. Iyafoni ndogo zisizo na waya zina betri ya ukubwa wa kidonge, na baada ya miaka michache ya kuchaji kila siku haidumu tena hata safari ya Morogoro. Kuibadilisha karibu haiwezekani bila kuvunja kifaa. Hedifoni ya mjomba imepita miaka 35 kwa sababu haina cha kufa ndani yake ila waya na sponji. Kwenye hili nasimama na mjomba wazi kabisa, na inaniuma kwamba tumekubali kununua vitu vya muziki kama tunavyonunua vocha.

Lakini lipo moja ambalo zamani hawakuwa nalo, nalo ni kuzima kelele. Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alianza kulifikiria mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Ulaya, na hedifoni ya QuietComfort ya kampuni yake ya Bose ikafika kwa watu wa kawaida mwaka 2000. Mikrofoni inasikia ngurumo ya nje, kichakata kinatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na viwili vinafutana. Ndani ya basi la Dar es Salaam kuja Dodoma ngurumo ya injini inafunika besi yote, kwa hiyo abiria anapandisha sauti, anapandisha tena, na anashuka stendi ya Nanenane masikio yanalia. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndicho kiwango salama kwa mtu mzima, na kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Mwenye kuzima kelele anasikiliza chini na bado anasikia besi. Kwa mtu wa safari, hiyo ni sehemu ya ubora wa sauti, hata kama kwenye chumba kimya HD 600 ingemshinda.

Na kabla ya yote haya, hakikisha jina lililoandikwa ni la kweli. Kwenye meza za barabarani katikati ya mji unaweza kukuta majina makubwa yote yamepangwa kwa bei moja, kutoka kiwanda ambacho hakijawahi kuwa na uhusiano nayo. Niliwahi kununua moja hivyo nikaitumia mwaka mzima nikiwaambia watu kampuni ile imeshuka.

Nilirudi Chamwino na hedifoni ya mjomba ikiwa na sponji mpya, na amplifaya ndogo kwenye mfuko. Tukakaa barazani. Nikasawazisha sauti kwa kipande cha taarifa ya habari, huku binamu akinisahihisha, "bado, dada, hiyo iko juu." Kisha nikachukua simu yake, nikafungua ekwalaiza na kushusha besi ya hedifoni yake alama tatu. Nikawaomba wasiniambie ipi nzuri. Nikawauliza tu wanasikia nini.

Binamu alivaa ya baba yake, akafumba macho. "Kumbe kuna mtu anahesabu pembeni," akasema. Kweli yupo, kabla ngoma hazijaingia, mwanamume anahesabu kwa Kigogo chini ya pumzi. Akairudia sehemu hiyo mara tatu.

Mjomba alivaa ya binti yake kwa shingo upande. Ilimba ikaanza. Akakaza uso, akaibana vikombe kwa viganja viwili, akanyamaza hadi wimbo ukafika katikati.

"Rudisha nyuma," akasema. Nikarudisha. "Umesikia hapo? Mvumo upo upande mmoja tu. Huku unavuma, huku hauvumi. Tundu moja utando wake umetoboka, na huyu bwana amepiga hivyo hivyo hadi mwisho." Akavua hedifoni, akaitazama ndani ya vikombe kama anatafuta ilimba yenyewe, kisha akaivaa tena na kumnyooshea binti yake mkono aongeze sauti.